Deni la Dukani ni la Nani?

Miongoni mwa maneno yasemwayo bila kupimwa, hakuna lililokaa vinywani kwa raha kama hili: kwamba mume aliye ng'ambo ndiye ailishaye nyumba, na mke aliyebaki hana kazi ila kungoja. Limesemwa barazani, limesemwa arusini, na la kusikitisha zaidi, limeandikwa na watu waliosoma. Ni neno la uongo, na uongo wake waweza kuthibitishwa kwa daftari la duka lolote la mtaani.

Mwambao wa Afrika ya Mashariki umeishi kwa safari tangu zamani. Aliyepanda jahazi kwenda Arabuni kwa pepo za kusi hakuweza kurejea mpaka kaskazi ivume tena, na miezi hiyo yote nyumba ilikula. Posho aliyoiacha ilipimwa kwa matumaini ya mwenye kuondoka, si kwa matumbo ya waliobaki. Pishi ni vibaba vinne, na hakuna mapenzi yawezayo kuifanya iwe na vitano.

Posho ikiisha, ndipo kazi ianzapo. Mke hununua mahindi wakati wa mavuno yakiwa rahisi, akayachanganya na majivu yasiliwe na fukusi. Huenda dukani akalipa nusu ya deni la zamani ili apate mkopo mpya, kwa kuwa ajua kwamba asiyelipa kitu hufungiwa mlango, na alipaye chote hubaki hana cha kununulia mafuta ya taa. Hucheza upatu na wenziwe, akaomba zamu yake iangukie mwezi wa ada ya shule. Mambo yakimzidi, huivua bangili mkononi akaiweka rehani. Mfanyabiashara afanyapo hayo huitwa mwerevu. Mke afanyapo huambiwa kwamba ametunzwa.

Sheria haikuliacha jambo hili gizani. Kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao, nafaka ya mke ni haki yake juu ya mume; isipolipwa haifi kwa kupita siku, bali huwa deni shingoni mwa mume, maadam mke hakuuacha wajibu wake. Wahanafi wana shauri jingine: kwao nafaka iliyopita huanguka, ila kama kadhi alikwisha kuihukumu au wawili walipatana. Walakini wote hukubali kuwa mali ya mke ni yake mwenyewe. Basi Mshafi auzaye bangili yake apate kula hakutoa sadaka; mumewe angali anadaiwa. Na Hind binti Utba, alipomshtakia Mtume ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema.

Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi wajua utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, na wajua namna mke apasavyo kumtumikia mumewe, lakini mlango wa nafaka katika vitabu vya sheria hawajaufungua. Upande mmoja wa hesabu umeimbwa. Upande wa pili umewekwa kabatini.

Watasema wapinzani kwamba wanawake ni wabadhirifu, na kwamba msafiri hurudi akakuta fedha zimeyeyuka. Wabadhirifu wapo, kama walivyo wanaume waliotumia mishahara yao bandarini. Lakini mume adaiye hesabu ya kila shilingi aliyoituma na ailete ya miezi ambayo hakutuma kitu.

Wala ubishi huu si wa mwambao peke yake. John Adams wa Massachusetts alipokwenda Ufaransa mwaka 1778, mkewe Abigail aliachiwa shamba, kodi, na fedha ya karatasi iliyoporomoka thamani. Hakukaa akililia hawala: alimtaka mumewe amletee bidhaa za Ulaya, leso na utepe na vitambaa, akaziuza kwa faida, baadaye akanunua hati za deni la serikali, hali mume alipenda mashamba. Sheria ya nchi yake ilimpa mume mali ya mke. Hata hivyo mwaka 1816 aliandika wasia wa mali aliyoiita yake, na sehemu kubwa akawapa wanawake. Mke wa Lamu alikuwa na haki hiyo katika vitabu. Abigail hakuwa nayo, akaitenda.

Siku hizi fedha haziji tena mkononi mwa nahodha. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, shilingi husafiri kwa dakika, na aliyechelewa kutuma hawezi tena kuusingizia upepo. Tena wasafiri wenyewe wamebadilika: wanawake wengi wa Kenya na Tanzania huenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na Oman, na mume ndiye abakiaye na watoto na daftari la duka. Majirani humwonea huruma. Humpelekea chakula jioni, wakasema maskini, kaachiwa mzigo mzito. Wakati mkewe alipoubeba mzigo huo huo, hakuna aliyeuona kuwa ni mzigo.