Chai ya Alasiri Isikatwe, Sukari Ndiyo Ipunguzwe

Kuna amri moja ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hupewa na jamaa zao, wala si na daktari: "Wewe tena usiende kunywa chai kwa watu." Wanaoitoa wana nia njema. Hata hivyo, kwa maoni yangu amri hiyo yaweza kumdhuru mgonjwa kuliko kile kipande cha mkate anachonyimwa.

Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, ukishaupita mji wa Kilifi, unafika Tezo, penye minazi na mikorosho. Huko, kama kwingineko pwani, jua likipungua mtu humtembelea rafikiye wakanywa chai kwa mkate wa kumimina, vitumbua au mahamri. Hapo pana zaidi ya kula. Ndipo mtu huulizwa: mbona umekonda, mguu huo una nini, dawa umemeza? Anayekatazwa kwenda hukosa jicho la rafiki. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka ulimwenguni. Basi tusimtibu mtu kisukari kwa kumpa maradhi mengine.

Tatizo lenyewe ni hesabu. Mwaka 2015 shirika hilo lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Anayetia vijiko 3 kikombeni na kunywa vikombe viwili amekwisha kufikia kiwango hicho kabla hajagusa mkate.

Ndiyo maana nakushauri uoke mwenyewe. Cha dukani hujui kimetiwa nini. Chako unakipima kwa mkono wako. Punguza sukari ya mkate kidogo kidogo kila uokapo, nao ulimi utazoea. Iliki na mdalasini vitaleta ladha. Tumia tui jepesi, kwani tui zito lina mafuta mengi yasiyoufaa moyo. Yale machicha ya nazi unayowatupia kuku, changanya kiasi katika unga: yana nyuzinyuzi, nazo huzuia sukari isipande damuni kwa kasi. Ukitumia ngano, changanya na unga wa mtama au wimbi. Chai nayo inywe bila sukari, maana utamu umo tayari sahanini.

Kuoka pia kunakuepusha na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Lakini ukipalia makaa juu na chini, fanya hivyo nje. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Nisieleweke vibaya. Mkate wa kumimina ni mchele, na mchele ni wanga, hata usipotiwa sukari. Kwa mwenye kisukari, kipande kimoja kidogo kinatosha, na apunguze wanga wa chakula cha usiku. Asiache dawa wala asizidishe kwa sababu ya mwaliko. Anayetumia insulini au vidonge azungumze na kliniki yake kuhusu saa za kula.

Nawe mwenyeji una wajibu wako. Rafiki yako mgonjwa akija, usimtengee sahani yake peke yake huku wengine mkila vitamu mbele yake. Oka mkate mmoja usio na sukari nyingi, mle nyote. Yeye hataona haya, na wewe ambaye hujapima damu yako mwaka huu utakuwa umejikinga pia.