Nakala Ambayo Hujaijaribu Si Nakala

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo ninarudi na aibu. Kazi yangu ni kuandika programu, na shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta. Kazini mimi ndiye ninayewasumbua wenzangu kila siku kuhusu kuhifadhi nakala za data. Na bado nimepoteza muziki wa baba yangu. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga.

Kwetu ni Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na barabara ya Mombasa. Baba ana kanda kama 90 ndani ya sanduku la bati. Nyingi ni benga ya Ukambani: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Boys, Kalambya Sisters. Moja haikununuliwa popote. Ilirekodiwa uani kwetu miaka ya themanini kwa redio kaseti: nyanya yangu akiimba na akina mama wenzake kwenye harusi ya shangazi. Nyanya ameshafariki. Sauti yake haipo kwingine.

Basi nikaamua kuzihamisha kanda zote kwenye kompyuta. Kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja, na stima ikipotea katikati unaanza upya. Nilitumia muundo wa FLAC, kwa sababu unabana faili bila kutupa chochote cha sauti. Kwa ubora wa CD, kanda ya dakika 60 hula kama megabaiti 600. FLAC huzipunguza hadi karibu nusu. Kanda 90 zikanipa kama gigabaiti 27. Ile ya nyanya, mashine iliitafuna siku ileile nilipomaliza kuirekodi. Ilitoka vipande vipande, tukaitupa. Sikuumia sana. Si ilikuwa ndani ya kompyuta?

Kisha nikanunua laptopu mpya. Nikachukua flashi ya gigabaiti 64 kwa mchuuzi, kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nikanakili kila kitu. Majina yote ya faili yakaonekana, ukubwa ukawa sawasawa. Nikafungua nyimbo tatu za mwanzo, zikalia vizuri. Nikazihamishia kwenye laptopu mpya, nikaifomati ile ya zamani, nikaiuza.

Wiki mbili baadaye Baba akaomba wimbo fulani. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ukatoa mlio kama wa mvua kwenye mabati.

Flashi ilikuwa bandia. Uwezo wake halisi ulikuwa gigabaiti 8. Kidude cha ndani kinachoiendesha huwa kimepangwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Kinakubali kila unachokipa. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni, kwa hiyo majina yanabaki salama. Lakini data inayozidi uwezo wa kweli inatupwa, au inaandikwa juu ya nyingine. Kompyuta haioni kosa lolote. Katika kanda 90 nilibaki na kama 26, zile za mwanzo. Yaani nilichagua kupima pale pale ambapo uongo haungeonekana.

Nilipowasimulia marafiki, karibu wote waliniambia kitu kimoja: "Kwa nini ujisumbue? Si muziki wote uko mtandaoni?"

Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Kwanza, si wote. Spotify ilifika Kenya mwaka 2021, na ni kweli utapata humo nyimbo nyingi za zamani. Lakini huwezi kumpata nyanya yangu. Pili, kilicho mtandaoni leo ni cha kuazima. Google Play Music iliwaruhusu watu kupandisha nyimbo zao wenyewe, kisha ikafungwa mwaka 2020. Aliyehamisha mapema alinusurika. Tatu, na hili ndilo linalonifariji kidogo, hata wakubwa hufanya kosa langu. Mwaka 2019 Myspace walikiri kwamba muziki uliopandishwa kwao kati ya 2003 na 2015 ulipotea walipokuwa wakihamisha seva. Hao walikuwa na wahandisi. Mimi nilikuwa na flashi ya mchuuzi.

Kuna hasara nyingine isiyo na kelele: majina. Muziki bila majina ni gunia la sauti. Lebo za zamani za MP3, zile za ID3 toleo la kwanza, zina nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii. "Kakai Kilonzo & Kilimambogo Brothers" ina zaidi, hivyo inakatika kwenye "Br". Na sisi Wakamba tuna ĩ na ũ. Herufi hizo zinaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya kompyuta: kama herufi moja kamili, au kama u ya kawaida ikifuatwa na alama ya juu. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa programu ni majina mawili tofauti. Ukihamisha kutoka Mac ya zamani kwenda Linux unaweza kukuta wimbo uleule mara mbili, au orodha yako ikalalamika kwamba faili haipo wakati unaiona kwa macho yako. Na zile orodha za nyimbo mara nyingi hukumbuka anwani nzima ya faili, kuanzia C:\ na kuendelea. Ukibadilisha mashine, anwani imekufa.

Kwa hiyo sasa ninafanya hivi, na ninakushauri nawe ufanye:

1. Kabla ya kuiamini flashi au diski mpya, ijaze yote kisha uisome. Kwa Linux kuna F3, kwa Windows kuna H2testw. Zote ni za bure. Zinachukua muda, lakini si muda kama wa kanda 64.

2. Nakili, usihamishe. Cha zamani kisifutwe mpaka kipya kithibitishwe.

3. Thibitisha kwa hesabu, si kwa macho. Programu kama sha256sum husoma faili nzima na kuipa alama. Kitu kidogo kikibadilika ndani, alama hubadilika kabisa. Hifadhi alama hizo pamoja na muziki.

4. Andika majina ndani ya faili zenyewe, si ndani ya programu ya kuchezea muziki. Programu zinakufa, faili zinabaki.

5. Fuata kanuni ya mpigapicha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali na nyumbani. Mwizi akiingia habebi laptopu akaacha diski iliyo kando yake.

Katika hayo yote kipimo ni kimoja: je, umewahi kuurudisha muziki wako kutoka kwenye nakala hiyo, kwenye mashine nyingine, ukausikia? Kama bado, huna nakala. Una matumaini tu. Mtaniambia mimi ni mkali. Ukali huu nimeununua kwa bei nafuu pale kwa mchuuzi.

Na nyanya? Niliogopa kumwambia Baba. Nilipomwambia, hakunigombeza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani ile uliyomtumia shangazi yako?" Nilikuwa nimesahau. Nilipoirekodi ile kanda nilimtumia shangazi wa Mombasa dakika sita kwa simu, MP3 nyembamba ya kilobiti 64, ili asikie harusi yake. Bado anayo. Dakika sita katika sitini, na ngoma zimefifia, lakini sauti ya nyanya inasikika wazi. Kumbe nakala pekee iliyopona ni ile niliyoipeleka mbali bila hata kufikiria kwamba ni nakala.

Basi leo jioni nifanyie hisani. Fungua diski yako, chagua faili iliyo mwisho kabisa, si ya kwanza, uicheze mpaka iishe. Mimi nimefika kanda ya 31 na upande wa A umeisha. Acha niigeuze kabla stima haijapotea.