Gogo halikubadilika, mlibadilika nyinyi

 

Siku nne sijaandika kitu hapa na wengine mmeniuliza kama nimekasirika. Ndiyo, nimekasirika. Nilisema ngoja nipoe kwanza ndo niandike, lakini naona sipoi, kwa hiyo leo mtanisoma hivi hivi na moto wangu.

Kisa chenyewe wa darasani kwetu mnakijua. Jumanne ilikuwa zamu ya kundi letu kuwasilisha kazi ya msanii mmoja wa Afrika ya leo. Tukamchagua Leilah Babirye, mchongaji wa Uganda. Tukaanza na picha tu, bila maelezo. Vichwa vya mti, vingine vimemzidi mtu urefu, vimechomwa moto mpaka vikawa vyeusi tii, vikapakwa nta vikang'aa. Halafu kavivika minyororo ya baiskeli, tyubu za matairi, makopo na vyuma vya kuokota, vikawa kama nywele na mapambo ya kifalme. Darasa likachangamka. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Huyu fundi haswa." Mwingine akauliza bei. Dakika kumi nzima tulikuwa mastaa.

Ndipo mwenzangu akasoma habari za msanii. Alizaliwa Kampala 1985, akasoma sanaa Makerere. Ni mwanamke anayependa wanawake. Vyombo vya habari vya kwao vikamtangaza hadharani, na 2015 akaondoka kwenda New York. Mwaka 2018 Marekani ikampa hifadhi. Sura anazochonga ni za watu wenzake: wanaopenda wa jinsia yao, na wale ambao walipozaliwa waliitwa wanaume ila wanajijua ni wanawake, au kinyume chake. Ndo maana ukizitazama zile sura hujui useme ni baba au ni mama.

Jamani, kelele! Watatu wakatoka nje. Na yule yule wa "fundi haswa" akasimama akasema, "Hiyo siyo sanaa, huo ni uchafu wa Wazungu."

Sasa leo namuuliza yeye na wote waliompigia makofi: gogo lilibadilika? Nta iliyeyuka? Kile kichwa kilikuwa pale pale ukutani, na patasi ilipita pale pale. Kilichobadilika ni nyinyi. Kwa hiyo msiniambie mnajadili sanaa. Semeni tu kwamba mmemkataa mtu, halafu mnatafuta kosa kwenye mti.

Hoja yenu kubwa ilikuwa "siyo yetu." Haya, tuitazame. Waganda wana koo zaidi ya 50, na kila ukoo una mnyama au kitu chake cha mwiko: wapo wa Nkima, yaani tumbili, wapo wa Ngabi, wapo wa Mmamba. Ukoo ndo unakupa jina, na ndo unakwambia nani usimuoe. Sisi Wabena tunaelewa hayo bila kufundishwa. Nenda Igwachanya leo, mzee atakuuliza "wewe mtoto wa nani?" kabla hajakuuliza unaitwaje. Sasa Babirye anazipa sanamu zake majina ya Kiganda, na koo zile zile, ila anaongeza neno moja: huyu ni wa ukoo wa Kuchu Ngabi. Kuchu ndivyo watu wenzake wa Uganda wanavyojiita. Yaani anachosema ni kwamba hawa watu waliofukuzwa nyumbani nao wana ukoo, na ukoo wenyewe ni wa Buganda. Mzungu gani alimfundisha koo za Buganda?

Kingine. Mnasifia sana vinyago vya Wamakonde, mpaka kwenye mtihani mnaviandika. Mnakijua kile kinyago cha mwili kinachoitwa ndimu? Ni kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, kimechongwa kwa mti, matiti na tumbo lake. Anayekivaa na kucheza nacho kwenye ngoma za unyago ni mwanaume. Anaigiza mimba na uchungu wa kuzaa, mbele ya watu, watoto wakiwa wanavuka kuingia utu uzima. Sisemi Wamakonde walikuwa wanasema anachosema Babirye, hapana, msinilishe maneno. Nasema tu kwamba mchongaji wa hapa kwetu kuuliza mwanaume ni nini na mwanamke ni nini kwa kutumia mti siyo jambo lililoshuka na ndege juzi.

Na kama kweli tunatafuta kilicholetwa na Mzungu, tuanzie kwenye sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha miaka 30 mpaka maisha, mzizi wake ni sheria ya Mwingereza wa kikoloni. Uganda nao walirithi hivyo hivyo, na 2023 wakajitungia yao kali zaidi, ina mpaka adhabu ya kifo. Sijamwambia mtu avunje sheria. Nasema kama ni kuhesabu mizigo ya mkoloni, hesabuni yote.

Halafu kuna dada mmoja alisema "anawauzia Wazungu tu." Ni kweli, 2024 kazi zake zilikuwa Venice kwenye maonyesho makubwa ya Biennale, na mwaka huo huo zilikuwa San Francisco na Uingereza. Lakini dada yangu, umemfukuza mtu, kakimbia na patasi yake, akiuza huko alikokimbilia unamlaumu kwamba hauzi kwako? Na Tingatinga je? Michoro yake kwenye mbao za hadibodi walinunua kina nani, kama siyo wageni? Mbona yeye tunamuita urithi wa taifa?

Sasa nije kwenye kilichonikalia kooni.

Kiganda kina tusi wanaloitwa hawa watu, ebisiyaga. Babirye mwenyewe ameeleza kwamba asili yake ni ganda la muwa, lile unalomenya na kutupa. Ndo sababu anaokota vitu vilivyotupwa. Mnyororo uliokatika, tyubu iliyotoboka, kopo, yeye anavichukua na kumvika mtu taji. Mimi nimekulia Wanging'ombe, nimepita Makambako mara mia, najua mabanzi ni nini. Mashine ikipasua gogo la paini, ubao unapakiwa kwenye lori, banzi linarushwa pembeni. Lakini nani kwetu hajazungushia choo kwa mabanzi? Banda la kuku, uzio, kuni za kupikia msibani, yote mabanzi. Hakuna Mbena anayeweza kuniambia kilichotupwa hakina thamani.

Ila watu tunawatupa.

Agosti 2022, wakati wa sensa, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikawa kwa shangazi, kijiji kimoja si mbali na Ilembula. Karani akaja, akapewa kigoda chini ya mparachichi, akaanza maswali yake. Akafika pale pa kuuliza, "Mama, umezaa watoto wangapi?" Shangazi akajibu, "Watano."

Ni sita. Mimi nilikuwa nimekaa pale nabandua maharage na nilijua ni sita. Wa sita ni binamu yangu tuliyelingana umri, tuliyeimba naye kwaya ya watoto, aliyekuwa ananibebea ndoo nikichoka kupandisha kile kilima cha kutoka kisimani. Tulipofika kidato cha pili akaanza kulikataa jina alilopewa, akatuomba tumwite jingine. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na lile jina nikalitangaza shule nzima. Walimu wakapata la kusema, wazee wakaitwa, ukakaliwa mpaka usiku. Mwishowe binamu akapanda basi la Dar pale Makambako na begi la shule, na pale nyumbani hatajwi. Na mimi siku ya sensa sikufungua mdomo. Karani akaandika watano, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Mmesoma aya nzima na sijawaambia binamu yangu alizaliwa wa kike au wa kiume. Kiswahili hakikunidai. Kiingereza kingenibana nichague tangu sentensi ya kwanza, lakini lugha yetu ikisema "amekuja" inataka kujua tu kwamba mtu amekuja. Halafu mnaniambia kutojali hilo ndo umagharibi!

Babirye ana mfululizo wa picha za sura za watu, anauita Kuchu Ndagamuntu. Ndagamuntu ni kitambulisho kwa Kiganda. Kawatengenezea kitambulisho watu ambao hata mama zao hawawahesabu. Ile picha ilipotokea ukutani Jumanne, kabla ya kelele zenu, mimi nilikuwa nimemwona binamu yangu. Ndo maana niliposhindwa kujibu, nikakaa chini, mkadhani mmenishinda kwa hoja. Sikushindwa kwa hoja. Nilikuwa nakumbuka maharage.

Mimi ni Mlutheri, Jumapili nipo kwaya, na sijamwambia mtu yeyote aache imani yake. Unaweza kukataa anachoamini Babirye, hiyo ni haki yako, nami nitakusikiliza kimbwetani hadi saa sita usiku. Lakini anayesema "siyo wetu" aniambie basi ni wa nani. Nani alimzaa? Nani alimpa jina? Binamu yangu hakuletwa na mfadhili. Alizaliwa Wanging'ombe, kanyonya Wanging'ombe, kacheza kwenye vumbi letu. Ni wetu kabla hatujamtupa na ni wetu baada ya kumtupa.

Likizo hii naenda kwa shangazi. Nimeshajipanga nitakachomwambia: kwamba siku ile karani alidanganywa, na mimi nilikuwepo. Sijui kama atanipikia au atanifukuza. Kama ni kunifukuza nitalala Makambako, nitarudi kesho yake.

Haya, bumu limekata, mshumaa unaisha, na kesho asubuhi kuna jaribio. Yule jamaa wa "fundi haswa", sina ugomvi na wewe. Ulichosema mara ya kwanza kilikuwa sahihi. Rudi pale pale.