Tunalipia majengo, nyumba hatupati

Juzi nilinunua umeme wa elfu kumi. Kabla ya uniti kuingia, ikakatwa kwanza kodi ya jengo. Jengo la nani? Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule huku Mbagala, pango nalipa miezi sita kwa mkupuo, na bado ile 1,500 ya kila mwezi ya mwenye nyumba inapita kwenye LUKU yangu. Tuliambiwa tukakatane naye wenyewe. Hivi nani atathubutu? Ukimgusia tu anakujibu chumba kina wateja.

Vijana wenzangu, kodi sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kwamba Serikali inamwona kijana vizuri sana akiwa analipa. Akitaka kununua nyumba yake ya kwanza, haimwoni kabisa.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya milioni 50, hiyo ndiyo wanayoiita ya bei nafuu. Riba ya mikopo ya nyumba kwenye mabenki yetu inacheza kati ya asilimia 15 na 19. Weka hiyo 15, miaka 20. Kila mwezi unapeleka kama 658,000, na ukimaliza umelipa karibu milioni 158. Yaani umenunua nyumba tatu, unalala kwenye moja! Kima cha chini serikalini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni 500,000. Na huyo ana ajira. Bodaboda na mama lishe hawana hata karatasi ya mshahara ya kupeleka benki.

Watasema kuna TMRC, ipo tangu 2010, inayapa mabenki fedha za muda mrefu. Ni kweli, na imesaidia. Lakini riba bado ni hiyohiyo ya kumtoa kijana jasho.

Ndiyo maana tunajenga kwa kudunduliza. Mwaka huu kiwanja, mwakani tofali, unahamia kwenye pagale madirisha yamezibwa na mabati. Nani anakuja kupima zege lako? Mchanga ukizidi saruji, nani anasema? Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, katikati ya jiji, tukazika ndugu zetu. Kama pale ukaguzi ulishindwa, huku kwetu mkaguzi hata njia haijui.

Tunachotaka kinaeleweka. Asiyewahi kumiliki nyumba, Serikali imbebee sehemu ya riba kwenye nyumba ya kwanza, na miamala yake ya simu ikubalike kama ushahidi wa kipato. Halmashauri ikague vyumba vya kupangisha kama inavyokagua bucha: choo, maji, hewa, paa. Kodi ya jengo irudi kwa mwenye jengo.

Fedha zitatoka wapi? Swali zuri, ila waulizwe pia walioruhusu michango ya wanachama wa NSSF ikazikwe Dege, Kigamboni, maghorofa yakabaki mifupa miaka na miaka. Pale hakuna aliyesema hela hakuna.

Mimi miezi yangu sita inaisha mwezi huu. Mwenye nyumba ameshatangaza kupandisha elfu ishirini kwa mwezi. Choo tunachotumia kaya nane bado hakina mlango, tumeweka khanga.