Paa Kwanza, Dari Baadaye



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa Nakuru na kukaa mtaa wa Free Area. Yeye na mumewe walitenga shilingi 350,000 kubadilisha mabati yaliyoliwa na kutu. Leo zimesalia 40,000. Jikoni kumefunikwa kwa turubai, ilhali sebuleni kuna vigae vipya vinavyong'aa na dari ya jipsamu. Fundi asema paa lililobaki lahitaji 95,000. Mume amemwomba mkewe atoe 120,000 alizoweka kwenye chama kwa ajili ya Umra ya mamake. Dada anauliza: azitoe?

Kabla ya fedha hizo, tuitazame kazi yenyewe. Mabati yalipoondolewa, mbao za kenchi zilionekana zimeliwa na mchwa. Hilo halikuwa kosa la mtu. Nyumba kuukuu huficha maradhi, na ndiyo sababu mwenye busara hutenga angalau sehemu moja katika kumi ya fedha zake kwa yasiyotarajiwa. Lakini mchwa hawakuagiza vigae. Vigae viliagizwa kwa neno moja tu: "maadamu". Maadamu fundi yupo, tupanue mlango. Maadamu tumepanua mlango, sakafu haifai. Walikusudia kuziba ufa, wakajikuta wajenga ukuta.

Wasomaji wetu wa pwani wafahamu kwamba Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mvua za masika huanza mwezi Machi. Turubai si paa. Upepo ukilipasua, maji yatashuka kwenye nyaya za umeme na kuiharibu hiyo hiyo dari iliyogharimiwa. Basi kila shilingi iliyobaki iende juu, na mengine yote yasimame, hata rangi.

Dada ajue pia anachonunua. Katika mabati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Asiridhike kutajiwa rangi na mtindo pekee. Paa lipimwe mbele yake, idadi iandikwe, na vifaa viletwe kwa safari moja. Kumtuma bodaboda mara tano kwa siku, leo misumari, kesho ubao mmoja, ni gharama ambayo hakuna aijumlishaye. Saruji isinunuliwe mapema kwa hofu ya bei kupanda, kwani hupoteza nguvu ikikaa, hasa penye unyevu.

Fundi naye alipwe kwa hatua zilizokubaliwa: kenchi zikisimama, mabati yakipigwa, na kiasi kidogo kibaki hadi mvua ya kwanza ilijaribu paa. Kiasi hicho kitajwe tangu siku ya mapatano, kisije kikawa dhuluma. Vibarua wa kutwa wao walipwe jioni ile ile, jasho halijakauka. (Tuseme kweli: si kila fundi ni mlaghai. Wengi hulaumiwa kwa kazi ambazo mwenye nyumba mwenyewe alizibadilisha mara tatu.)

Sasa fedha za chama. Hizo ni mali ya mke. Sheria yetu imemjukumisha mume makazi, kwa hiyo ombi lake ni ombi, si amri, na dada hapati dhambi akikataa. Akikubali, lazima ijulikane anatoa nini: zawadi, mkopo, au sehemu katika nyumba. Hapa barua yake imetushtua, kwani kiwanja kingali kwa jina la marehemu baba mkwe na mirathi haijagawanywa. Mume hawezi kumpa mkewe sehemu katika kitu ambacho ndugu zake nao wana haki ndani yake. Mizozo ya namna hii huishia kwa Kadhi miaka mingi baadaye, na aliyetoa fedha akiwa hana hata kipande cha karatasi mkononi.

Rai yetu ni kwamba atoe 55,000 tu, ambazo pamoja na 40,000 zilizopo zitamaliza paa, na ziwe mkopo. Salio la 65,000 libaki kwenye chama kwa niyya ile ile ya mamake. Wala asione haya kumwandikisha mumewe. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamuru deni la muda maalumu liandikwe na kushuhudiwa, wala haikuwatoa mume na mke. Karatasi itaje kiasi, tarehe ya kulipa iliyo kabla ya safari ya mama, na kwamba fedha ni za paa peke yake. Iandikwe na kusomwa mbele ya mashahidi kabla fedha hazijatoka kwenye chama, na nakala moja akae nayo dada yetu.