Bibi Aliyejifunza Kugawana Uwanja

Uwanja wa mpira wa vinyoya, unapochezwa na watu wanne, una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10. Ukigawanywa na wavu, kila jozi hubakiwa na eneo dogo lisilofika hata mita saba kwa saba. Humo watu wazima wawili, kila mmoja na raketi mkononi, hukimbia, huruka na kugeuka ghafla wakikifuata kinyoya chenye uzito wa gramu tano hivi. Wasipoelewana hugongana. Na kuna baya kuliko kugongana: kila mmoja humwachia mwenzake, na kinyoya huanguka katikati yao wakikitazama. Pointi hiyo ndiyo inayouma kupita zote, kwani wote wawili walikuwa karibu nayo.

Bi Sapsiree Taerattanachai wa Thailand hakuzaliwa na elimu hiyo ya kugawana. Ilimbidi ajifunze akiwa tayari mchezaji wa kutajika. Alizaliwa mwaka 1992 katika mkoa wa Udon Thani, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Wathai wana desturi ya kumpa kila mtoto jina fupi la nyumbani, na la kwake ni Popor. Jina hilo limemfuata mpaka viwanjani, na watazamaji wa Bangkok humwita hivyo kana kwamba ni binti wa jirani.

Ujana wake aliutumia zaidi katika mchezo wa mmoja mmoja. Katika mchezo huo mtu hutegemea miguu yake mwenyewe, pumzi yake mwenyewe na akili yake mwenyewe. Akikosea, hana wa kumlaumu. Akishinda, hana wa kugawana naye sifa. Thailand ilikuwa na nyota mkubwa upande huo: mwaka 2013, huko Guangzhou nchini China, binti Ratchanok Intanon alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 18, na kuwa Mthai wa kwanza kuupata. Lakini katika michezo ya wawili wawili nchi hiyo haikuwa na bingwa wa dunia hata mmoja, ijapokuwa haikukosa wachezaji hodari. Jozi ya Sudket Prapakamol na Saralee Thungthongkam ilishiriki Olimpiki za Athens, Beijing na London, ikarudi nyumbani kila mara bila medali.

Bi Sapsiree aliingia katika njia hiyo iliyokuwa haijatoa bingwa. Kwanza alicheza na mwanamke mwenzake, Puttita Supajirakul, na wawili hao waliiwakilisha nchi yao katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka huo huo alianza kucheza na kijana Dechapol Puavaranukroh, ambaye jina lake la nyumbani ni Bass. Dechapol alizaliwa mwaka 1997. Bibi alikuwa amemzidi kijana kwa miaka mitano, na kwa uzoefu wa mashindano amemzidi zaidi ya hapo.

Hapana budi kueleza hapa jinsi jozi ya mwanamume na mwanamke inavyopanga kazi. Kwa kawaida mwanamke husimama mbele karibu na wavu, na mwanamume husimama nyuma. Wa nyuma hupiga mapigo ya kishindo, na watazamaji humshangilia yeye. Wa mbele huzuia, hukatiza, hukigusa kinyoya kidogo tu kikaanguka upande wa pili, na mara nyingi kazi yake ni kumlazimisha adui akiinue kinyoya juu ili mwenzake wa nyuma apate kukipiga. Asiyeujua mchezo humwona wa nyuma kuwa ndiye mshindi. Anayeujua humtazama wa mbele.

Kwa sababu hiyo wapinzani wa jozi kama hizi hupenda hila moja: kumsukuma mwanamke arudi nyuma na kumvuta mwanamume aje mbele, ili mpangilio uvurugike. Kwa Bi Sapsiree hila hiyo iliwaletea hasara wengi. Miaka yake ya kucheza peke yake ilikuwa imemfundisha kuulinda uwanja mzima, na alipopelekwa nyuma aliweza kupiga kwa nguvu na kutulia. Elimu aliyodhaniwa kuwa ameiacha ilikuja kumfaa katika kazi mpya.

Matunda hayakuja kwa haraka. Mwaka 2019 walishinda mashindano ya Singapore, na mwezi Agosti mwaka huo walifika fainali ya ubingwa wa dunia mjini Basel, Uswisi. Huko walikutana na Zheng Siwei na Huang Yaqiong wa China, jozi iliyokuwa ikitawala dunia wakati huo. Kila seti huchezwa hadi pointi 21. Wathai walipata 8 katika seti ya kwanza na 12 katika ya pili, basi. Walirudi Bangkok na medali ya fedha shingoni, wakiwa wameoneshwa umbali uliobaki.

Kisha dunia ikafungwa na ugonjwa wa korona. Mwezi Januari 2021 mashindano makubwa matatu yalifanyika mfululizo karibu na Bangkok, katika ukumbi wa Impact Arena. Wachezaji walitengwa hotelini, wakapimwa mara kwa mara, wakacheza mbele ya viti vitupu. Katika fainali ya kwanza Sapsiree na Dechapol walikutana na Praveen Jordan na Melati Daeva Oktavianti wa Indonesia. Seti ya kwanza waliimaliza kwa 21 kwa 3. Mtu angesema mambo yamekwisha. Lakini ya pili waliipoteza kwa 20 kwa 22, na ya tatu wakaipata kwa jasho, 21 kwa 18. Katika fainali mbili zilizofuata waliwashinda Seo Seung-jae na Chae Yu-jung wa Korea ya Kusini. Wiki tatu, mataji matatu, tena katika ardhi ya kwao.

Furaha hiyo ilikuwa na doa, nalo halikufichika. Wachezaji wa China hawakuwapo, na wa Japani walikuwa wamejiondoa kwa sababu ya ugonjwa. Palisemwa kuwa Wathai wameokota mataji njiani wakati wenyewe hawapo. Maneno hayo yalikuwa makali, lakini hayakukosa msingi, na mwezi Julai yalipata nguvu zaidi. Katika Olimpiki ya Tokyo Sapsiree na Dechapol walitolewa katika robo fainali. Dhahabu na fedha zilikwenda kwa jozi mbili za China, na shaba ikaenda kwa Yuta Watanabe na Arisa Higashino wa Japani. Medali zote tatu zilichukuliwa na mataifa yale yale yaliyokosekana Bangkok.

Hapo mtu huweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Huweza kuyashikilia mataji ya Januari na kugombana na kila anayeyatilia shaka. Au huweza kunyamaza na kurudi kazini. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wawili hao walirudi kazini.

Mwezi Novemba walishinda mashindano ya Saarbrücken, Ujerumani. Kisha wakaenda katika kisiwa cha Bali, Indonesia, ambako kulikuwa tena na mashindano matatu ya mfululizo. Safari hii Wajapani walikuwapo. Wathai walishinda yote matatu, na katika fainali mbili za mwisho walioshindwa walikuwa Watanabe na Higashino wenyewe. Mwezi Desemba jozi ya Thailand ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya dunia.

Bado ulikuwapo ubingwa wa dunia, huko Huelva, Hispania. Tarehe 19 Desemba 2021 jozi hizo mbili zilikutana tena katika fainali, mara ya tatu katika muda wa wiki tatu. Katika hali hiyo hakuna siri tena, kwani kila upande unazijua hila za mwenzake. Wathai walishinda kwa 21 kwa 13 na 21 kwa 14. Hilo lilikuwa taji lao la nane ndani ya mwaka mmoja, na ndio ubingwa wa kwanza wa dunia ambao Thailand iliupata katika mchezo wa wawili wawili. Safari hii ilikuwa vigumu kusema kuwa taji limeokotwa.

Hata hivyo haifai kuipamba habari kuliko ilivyo. Zheng na Huang, wale walioshinda Basel, hawakufika Huelva. Mwaka uliofuata, 2022, waliurudisha ubingwa wa dunia mikononi mwao, na mwezi Desemba wakaja Bangkok kwenyewe wakawashinda Sapsiree na Dechapol katika fainali ya kufunga mwaka, mbele ya watazamaji wa nyumbani. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wathai waliendelea kucheza, na mwezi Januari 2024 walitwaa taji la mashindano ya India mjini New Delhi. Olimpiki ya Paris mwaka huo haikuwapa medali. Baada yake jozi hiyo ilivunjika, na Dechapol akaanza kucheza na Supissara Paewsampran.

Miaka minane ni muda mrefu kwa watu wawili kusimama pamoja katika eneo dogo kama lile, huku kila kosa la mmoja likihesabiwa kuwa la wote wawili. Katika mchezo wa wawili ubao wa matokeo hauandiki ni nani aliyekosea. Huandika pointi tu, na aliyekosa huja kupeana mkono na mwenzake kabla kinyoya hakijaanzishwa tena. Watazamaji wengi huona kuwa kupeana mkono huko ni adabu ya mchezo. Kumbe ni sehemu ya kazi yenyewe, maana anayesimama mbele humpa mgongo mwenzake, na hawezi kucheza kwa utulivu akiwa na wasiwasi na uso ulio nyuma yake.

Nyumba za watumishi wa nchi zinaijua hali hiyo. Mmoja yuko mbele, kazini, doria au mpakani. Mwingine yuko nyuma, akilinda watoto na jiko. Siku nyingine mambo hubadilika, na aliyezoea nyuma husukumwa mbele bila kuulizwa. Nyumba ambayo kila mmoja anaijua pia kazi ya mwenzake haivurugiki siku hiyo, kama vile Bi Sapsiree hakuvurugika alipopelekwa nyuma ya uwanja. Kinyoya kikianguka katikati, hakuna faida ya kuulizana kilikuwa cha nani. Huokotwa, mikono ikapeanwa, na mchezo ukaendelea.