Kura Nyingi, Ushindi Hakuna!

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kumbe kibaba cha Marekani kimetoboka! Mwaka 2016 Hillary Clinton alimpita Donald Trump kwa kura karibu milioni 3, lakini akashindwa. Kisa na maana? Rais huchaguliwa na wajumbe 538. Anayefikisha 270 ndiye mshindi. Karibu kila jimbo humpa anayeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura chache tu. Basi wagombea hukimbilia majimbo machache yenye ushindani, mengine wanayaruka. Ati mpango huu hulinda majimbo madogo! Mimi nakataa katakata. Kura ya kila raia iwe na uzito sawa. Ama sivyo, jamani, ya nini kupanga foleni?